Daraja Ambalo Susu Hakulikanyaga

Nilizaliwa katika boma la kwanza ukishavuka daraja la mawe, kwenye barabara inayoteremka kutoka Kangundo hadi bondeni kwetu. Ukitaka kujua watu walituonaje, ingekutosha kusimama pale darajani siku ya soko. Mwanamke mwenye mimba alivuka akiwa amejifunika tumbo kwa leso. Mwenye mtoto mgongoni alimwita mtoto kwa jina mara tatu, kabla ya kuvuka, katikati, na akishavuka, ili daraja lisije likadhani kwamba hana mwenyewe. Wazee waliweka punje chache za wimbi juu ya ukuta wa pembeni. Wakifika upande wetu, wote waligeuza shingo kulitazama boma letu, kisha wakaongeza mwendo.

Ilisemekana kwamba babu yangu, mzaa baba, alimtia binti yake ndani ya daraja lile akiwa hai.

Babu alikuwa nyapara wakati daraja lilipojengwa, enzi za Mzungu, kwa kazi ya lazima. Fundi mkuu alikuwa Mhindi, na vibarua walikusanywa kutoka mbali, Yatta na kule Kivaa, kwa sababu watu wa bonde walikuwa wamekimbilia vilimani kuikwepa kazi hiyo. Hayo hakuna aliyeyabishia. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema tao liliporomoka mara mbili, mto ukaondoka na mawe, ndipo fundi akasema chini panataka kitu chenye joto. Wengine walisema ni Mzungu aliyetaka kazi iishe kabla ya mvua za Novemba. Waliopenda kusimulia vizuri walisema msichana alitumwa kumpelekea baba yake uji, naye baba akamwambia aingie shimoni amwokotee mwiko wa kujengea uliomponyoka, na alipoinama, mawe yakaanza kupangwa. Walijua hata rangi ya nguo aliyovaa. Walijua kwamba mto ukijaa, husikika akiomba maji.

Nikiwa na miaka saba nililaza sikio kwenye mawe yale ili nimsikie. Nilisikia mto tu.

Shuleni waliniita mtoto wa darajani. Kwa siku nyingi halikuwa jina baya sana. Walilitaja kama wanavyomtaja mtu mwenye kovu. Lakini mwaka mmoja lori la maembe lilipasua ukuta wa pembeni na kutumbukia mtoni, dereva akafa. Kesho yake msichana niliyekaa naye dawati moja alihamia dawati lingine. Saa ya chakula, mkebe wangu wa mahindi na maharagwe ulikaa peke yake juu ya nyasi na mimi kando yake. Nilipomwambia baba, aliendelea kunoa panga lake.

"Waliokuwa wanakula na wewe wamekuongezea nini?" akauliza.

Baba alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa babu, na alizoea. Mke alimtafuta mbali, kwa watu ambao hawakuwa wameyasikia hayo. Mama alipokuja kuyasikia alikuwa tayari na mimi tumboni. Akakaa. Alikuwa mwanamke wa kukaa.

Aliyenishangaza ni susu. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kikamba. Susu, mama yake baba, hakulikanyaga daraja lile hata siku moja. Boma letu liko upande mmoja wa mto. Soko, kanisa na kwao alikozaliwa viko upande mwingine. Kila mara alipotaka kwenda huko, alifuata kijia cha chini kando ya mashamba ya kahawa hadi pale mto unapotanuka, akavua viatu, akavuka juu ya mawe kwa fimbo. Mvua zikinyesha na mto ukifunika mawe, alikaa nyumbani wiki mbili, tatu. Nimewahi kumwona amerudi sketi imelowa hadi kiunoni, chumvi imeyeyukia kiondoni, na daraja likimtazama pale juu, kavu.

Watu walimwona pia. Kwao huo ndio ulikuwa ushahidi. Walisema: mama gani atamkanyaga mwanawe?

Nami niliamini hivyo. Nilikua nikiamini kwamba shangazi yangu yumo ndani ya mawe yale, na kwamba sisi ni watu wa kufanya mambo kama hayo.

Nilipomaliza shule nilijifunza ushonaji, nikapata chumba Kangundo nikawa nashona sare za wanafunzi. Huko ndiko nilikompata yule kijana. Alikuwa afisa wa kilimo, akizunguka kwenye viwanda vya kahawa kuwafundisha wakulima kupogoa miti. Alileta suruali nimpunguzie kiuno, akarudi wiki iliyofuata na suruali ileile akisema imelegea tena. Haikuwa imelegea. Tulicheka juu ya suruali hiyo kwa miaka miwili.

Nilimweleza habari ya daraja mwanzoni kabisa, ili kama ni kuondoka aondoke mapema. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimesomea udongo," akasema. "Daraja linasimama kwa sababu ya mwamba ulio chini yake. Hiyo nyingine ni hadithi ya kutishia watoto."

Nilimpenda kwa maneno hayo kuliko kwa mengine yote aliyowahi kuniambia.

Siku ya ntheo ilipangwa. Ntheo ni wale mbuzi ambao wazee wa mwanamume huleta nyumbani kwa msichana. Bila mbuzi hao, kwa Kikamba, hujaposwa. Mama alipika tangu alfajiri: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku wawili, chapati za kujaza beseni. Baba alivaa koti. Mimi nilivaa gauni la kijani nililolishona mwenyewe, nikakaa mahali ambapo ningeona barabara.

Waliteremka mchana, wazee wanne na mbuzi watatu, na yeye nyuma yao. Walipofika darajani mbuzi wa mbele alikataa. Mto ulikuwa umejaa, maji yanapiga kelele chini ya tao, na mbuzi ni mbuzi. Walimvuta kamba, akakita miguu. Wa pili naye akasimama. Nilimwona mjomba wake, aliyekuwa mkubwa wao, akiegemea ukuta na kuchungulia chini, kisha akinyanyua macho kutazama kwetu. Waliongea. Kutoka uani mikono yao ilionekana ikienda juu na chini, lakini sauti haikufika. Nilimwona yeye akiinama kushika kamba ya mbuzi, na mjomba akimshika mkono.

Kisha wakageuka. Mbuzi walipogeuzwa walitembea vizuri kabisa.

Baba alisimama pale uani mpaka walipopotea kwenye kona. Akavua koti, akalitundika, akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Mama alifunika masufuria. Tulikula zile chapati siku tatu, na siku ya tatu zilikuwa ngumu kama soli.

Yule kijana alikuja dukani kwangu baada ya siku nne. Hakukaa.

"Mama amekataa," akasema. "Amesema akipata mjukuu kutoka boma hilo hatalala usingizi."

"Na wewe umesema nini?"

"Ningesema nini? Ni mama."

"Ungesema habari ya mwamba."

Aliangalia cherehani. "Nilisema. Mjomba akaniuliza, kama ni hadithi tu, mbona yule bibi mzee hapitagi hapo? Sikuwa na jibu. Wewe uko nalo?"

Nikazungusha gurudumu la cherehani. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa, akaondoka. Mwaka uliofuata nilisikia ameoa kwa watu wa mlima wa pili.

Jumamosi hiyo nilifunga duka, nikaenda nyumbani, nikamkuta susu uani akipepeta mbaazi. Niliketi chini mbele yake. Sikumsalimia.

"Susu, babu alimfanya nini mtoto wako?"

Alipepeta mara tatu, nne. Makapi yalimwangukia miguuni.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekataliwa kwa sababu yako. Kwa sababu hupitii darajani."

Aliweka ungo chini. Nilikuwa nimejiandaa kuona machozi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika, na si kwangu.

"Hakumtia kwenye mawe," akasema. "Angemtia huko, ningejua alikuwa mwendawazimu, ningemsamehe."

Akanieleza. Mtoto alikuwa na miaka sita. Aliamka na homa, ikafika adhuhuri shingo imekakamaa, macho yanapanda juu. Zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo, nyuma ya kilima cha kina susu. Mto ulikuwa umejaa, mawe ya kuvukia hayaonekani. Lakini daraja lilikuwa karibu kwisha: tao lilikuwa limefungwa, mbao za kulishikilia bado ziko chini yake, na juu yamelazwa mabao ambayo vibarua walipita juu yake wakisukuma mikokoteni. Susu alimfunga mtoto mgongoni akaenda hapo. Babu alikuwa amesimama mwanzoni mwa mabao na kiboko chake cha unyapara.

"Asubuhi hiyo alikuwa amewatangazia watu wote kwamba hakuna kupita isipokuwa kwa kazi," susu akasema. "Bwana wa barabara alikuwa anakuja kukagua. Nikamwambia, mtoto anakufa. Akaniambia, nikikuruhusu wewe, hawa wote wataniona mimi ni mtu wa aina gani? Nikamwambia, ni mtoto wako. Akasema, zunguka juu."

"Vibarua hawakusema kitu?"

"Waliangalia chini. Walikuwa watu wa kushikwa, wangesema nini?"

Kuzunguka juu kulikuwa mwendo wa nusu siku, hadi pale mto unapobanwa na miamba na kulikuwa na mti ulioangushwa wa kuvukia. Susu alikwenda. Alisema alijua mtoto amekufa kwa sababu alikuwa mzito ghafla, naye aliendelea kutembea kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya na miguu yake. Hakufika zahanati. Alifika kwao. Kaka zake walichimba kaburi kando ya shamba, akamzika huko, kwa sababu aliapa mtoto hatarudi kwenye boma la mtu yule. Akakaa kwao karibu miezi miwili.

"Nilirudi kwa ajili ya baba yako," akasema. "Alikuwa mdogo, alikuwa bado hajui kuvaa suruali. Nilirudi, daraja limekwisha, na babu yako amepewa kofia ya mzee wa mtaa. Kila mtu ananiuliza, mtoto yuko wapi? Sikujibu. Nilitaka aulizwe yeye."

"Na yeye akajibu nini?"

"Alinyamaza. Watu wakajijibu wenyewe."

Vibarua walioshuhudia walikuwa wamerudi kwao Yatta na Kivaa. Watu wa bonde waliposhuka kutoka vilimani walikuta msichana hayupo, kaburi halipo, daraja limesimama imara, na nyapara amepanda cheo. Katika nafasi yao, labda nami ningefikiri walivyofikiri.

Babu alikuwa amekufa kitambo, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza ila baba. Nilimkuta kwenye kahawa.

"Ulijua?" nikamuuliza, baada ya kumweleza niliyoyasikia.

"Nilijua. Mama aliniambia nilipotahiriwa."

"Na ukaniacha nikae uani na gauni la kijani."

Alichuma matunda machache, akayatia kwenye ndoo. "Ungetaka niwaambie nini wale wazee? Kwamba baba yangu alimzuia mke wake kwenye daraja, na mtoto mgongoni, kwa sababu ya Mzungu?"

"Ni afadhali waseme alimzika hai?"

"Mtu aliyetoa kafara anaogopwa," baba akasema. "Tangu nizaliwe hakuna aliyeniibia mbuzi. Hakuna aliyesogeza mpaka wa shamba langu. Wenzangu wote hapa wameenda kwa chifu kwa sababu ya mipaka, mimi bado. Lakini yule mwingine, yule wa kuogopa asionekane vibaya mbele ya vibarua, huyo watu wangemcheka mpaka leo. Na mimi wangenicheka."

Aliyasema bila aibu, kama mtu anayekueleza kwa nini alipanda mahindi hapa na maharagwe pale. Nilirudi Kangundo. Kwa mwaka mzima sikumsemesha, na sidhani kama aliona tofauti.

Ningeweza kumfuata yule kijana na jibu. Nilifikiria. Lakini kabla sijaamua alikuwa ameshapeleka mbuzi kwingine, na mimi nilikuwa na kiburi cha watu wa kwetu. Nikanyamaza, nikashona sare.

Susu alifariki miaka michache baadaye katika hospitali ya Machakos. Nilikuwa naye siku mbili za mwisho. Aliomba mambo mawili. Azikwe kwao, kando ya mtoto wake. Na kama hilo halitawezekana, asipitishwe darajani. Nilimpelekea baba maneno hayo yote mawili.

"Mke wa mtu huzikwa kwa mume wake," baba akasema. "Na gari halipiti kwenye mawe ya mtoni."

"Tumbebe. Watu sita wanatosha."

"Watu sita gani? Unadhani nani atabeba jeneza la boma hili, aingie nalo mtoni?"

Hapo alisema kweli, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Tuliteremka nyuma ya gari la maiti, jeneza likavuka daraja kwa sekunde kumi hivi. Pembeni watu walikuwa wamesimama kwa wingi kuliko waliokuja mazishini. Walikuja kuona kama kitu kitatokea mama akipita juu ya mwanawe. Dereva, mtu wa mjini asiyejua lolote, alipiga honi ili mbuzi waondoke njiani. Susu alizikwa karibu na mume wake, ubavu kwa ubavu.

Sikuolewa. Nilimlea binti mmoja, wangu, ambaye baba yake si wa kutajwa hapa, na nilimlelea Kangundo, mbali na bonde. Baba na mama walipofariki boma lilikuwa langu, nikarudi nikiwa na nywele nyeupe. Wanafunzi walikuwa bado wanavuka wakikimbia. Sasa walikuwa wanapiga picha hapo kwa simu na kuziweka mtandaoni, na maneno ya kutisha chini yake.

Kisha tukaambiwa daraja jipya la zege litajengwa, pana, la malori kupishana, na la zamani litavunjwa.

Wiki ile tingatinga ilipofika bonde lilijaa watu nisiowajua. Waliketi kwenye kingo kama wanasubiri mechi. Muuza ndizi alikuja, muuza soda akaja. Wazee wachache walidai mbuzi achinjwe kwanza, na msimamizi wa kazi, mtu mwenye haraka, akakubali ili aanze. Damu ilimwagwa kwenye nguzo ya kwanza. Nilitazama kutoka uani kwangu, halafu nikaona ni upuuzi kutazama kutoka mbali jambo linalonihusu. Nikachukua kigoda, nikaenda nikakaa mbele ya wote.

Ilichukua siku mbili. Mawe yalikuwa yamechongwa vizuri, hayakutaka kuachana. Tao lilipoanguka vumbi jeupe la chokaa lilitufunika, watu wakasogea mbele kwa pamoja, na polisi mmoja akawarudisha. Walifukua nguzo ya kwanza mpaka mwamba. Walifukua ya pili. Walipata jembe lililokatika mpini, chupa nzito ya rangi ya kijani, na kokoto.

Basi. Kulikuwa na mwamba, jinsi yule aliyesomea udongo alivyosema.

Na yeye alikuwepo. Sikumtambua mpaka alipokuja kusimama karibu na kigoda changu, mzee mnene mwenye kofia, ameshikilia mkono wa mjukuu. Alisalimia. Niliitikia.

"Kumbe hakukuwa na kitu," akasema.

"Wewe ulijua hakuna."

Alimtuma mtoto akamnunulie soda. Alipobaki peke yake akasema, "Nilitaka kuja siku ileile jioni. Nilifika mpaka hapa darajani."

"Mbona hukuvuka?"

Nilimwona akitafuta jibu la kunifurahisha, asilipate. "Niliogopa," akasema. "Mchana niliwabishia wote. Jioni, peke yangu, nikaogopa."

Nilitaka kumwambia kwamba limekwisha, kwamba sote ni wazee. Kinywa changu kilikataa. Nikamwambia mjukuu wake anarudi, amfunge kamba za viatu asianguke kwenye mawe. Aliinama kwa shida akamfunga, akaniaga, akaenda zake.

Nilidhani sasa watu watatubu. Sikutaka sherehe, ningeridhika na mtu mmoja kuja mlangoni kusema tuliwakosea. Hakuja mtu. Kufikia Jumapili ilikuwa imeshasemwa kwamba mifupa iliondolewa alfajiri ya siku ya pili, kabla ya watu kufika, na kwamba mimi ndiye niliyempigia msimamizi simu. Kama sivyo, waliulizana, mbona nilikaa mbele na kigoda?

Kwa hiyo chifu msaidizi alipoitisha baraza kuhusu daraja jipya, nilisimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyasema yote mbele ya watu: homa, mabao, kiboko, kuzunguka juu, kaburi la ng'ambo. Kisha mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mwanamume wa makamo ambaye mama yake nilimshonea nguo za harusi, akanishukuru kwa adabu sana.

"Hiyo ni historia ya familia, mama, na tunaiheshimu," akasema. "Lakini ile nyingine ndiyo watu wanaijua. Tumekubaliana tuweke kibao hapo, tuandike Daraja la Msichana. Wageni wanapenda mambo kama hayo."

"Ni uongo," nikasema.

"Ni utamaduni," akasema. Wengine wakapiga makofi, wakaendelea na ajenda ya mitaro.

Kibao kipo. Kimepakwa rangi nzuri.

Siku iliyofuata baraza nilipanda boda boda, nikavuka kwa njia ya muda waliyotengeneza ya udongo, nikapanda kilima cha kina susu. Nilikuwa na nia ya kulipiga picha kaburi, niipelekee kamati. Safari ilichukua nusu saa. Nilishuka kwenye boma lenye ua wa michongoma, nikamkuta mwanamke mzee kuliko mimi akianika maharagwe kwenye turubai. Nilijitambulisha. Yeye alikuwa mjukuu wa kaka mkubwa wa susu.

"Wakya," akanisalimia kwa Kikamba. "Aa," nikajibu. Hakuuliza nimekuja kwa nini. Alinyanyuka akatangulia, tukapita migomba, tukashuka kidogo hadi mwisho wa shamba. Kulikuwa na mawe matatu na kichaka cha maua mekundu. Majani yalikuwa yamepaliliwa karibuni. Udongo ulikuwa bado mweusi.

"Nani anapalilia?"

"Mimi. Kabla yangu mama, na kabla yake bibi. Susu yako alikuwa anakuja, akiweza kuvuka. Alipoacha kuja tukajua amekufa, hakuna aliyetuambia mapema."

Akamtaja mtoto kwa jina. Sikuwahi kulisikia. Nyumbani kwetu aliitwa yule mtoto, na bondeni aliitwa msichana. Jina lake sitaliandika hapa. Kuna watu watalichora kwenye kibao.

"Wewe susu yako alikuambia lini kwamba mtoto yuko huku?" mwanamke akaniuliza.

Nilihesabu. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne."

"Na sasa uko na ngapi?"

Nikamwambia.

Akaokota jani kavu lililoangukia juu ya jiwe. Angenilaumu ningejitetea: ningemtaja baba, ningemtaja yule kijana na mbuzi wake, duka, mtoto, kiburi. Nilikuwa nimeishi na ukweli huo kama mtu anayeficha panga chini ya kitanda, nikiutunza kwa ajili ya wale walioniumiza, na sikuwahi kuja hapa hata siku moja kung'oa jani. Watu wa boma lile walidhani, aliniambia baadaye tukinywa chai, kwamba ni sisi tuliomkataa mtoto.

Simu ilikuwa mkononi. Sikupiga picha. Kulikuwa na magugu machache yaliyoanza kuchipua upande wa chini, karibu na mawe, nikapiga magoti nikaanza kuyang'oa. Mwanamke alinitazama kidogo.

"Hayo marefu ni ya maua," akasema. "Usiyang'oe." Akarudi juu kwenye maharagwe yake, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika.